SIMU NA MFUMO ENDESHI WAKE

Simu za mkononi zilianza kutumika Dar es Salaam mwaka 1994 kupitia kampuni ya Mobitel. Kazi yake kubwa ilikuwa kupiga na kupokea. Leo simu hupiga picha, hutuma fedha na hubeba vitabu. Je, nini kimebadilika?

Jibu ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia programu nyingine zote. Mfano wake ni nahodha. Wavuvi wa Msasani wanaweza kuwa hodari, lakini bila nahodha kila mmoja atavuta upande wake.

Simu janja za Nokia za miaka ya 2000 zilitumia Symbian. Mwaka 2007 Apple ilitoa iPhone, na mwaka 2008 ikatoka simu ya kwanza ya Android. Kwa kuwa Google iliwapa watengenezaji Android bila malipo, simu za bei nafuu zikawezekana.

Lakini mfumo huzeeka. Mwaka 2017 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Symbian, na baadaye kwenye Android za zamani. Simu nzima, programu haifunguki!

Basi kabla ya kununua simu iliyotumika, fanya mambo mawili:

1. Fungua mipangilio, usome toleo la mfumo.

2. Bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, uilinganishe na ya kwenye boksi. Juni 2016 TCRA ilizifungia simu bandia, na wenye nazo wakakosa mtandao.

Uliza kwanza, toa fedha baadaye.