Kila Ubao Una Kwao

Haya, sogeeni niwasimulie habari ya kibanda cha kuku.

Likizo ya Aprili, mtoto wa dada yangu alikuja nyumbani kwa mama, Kajulu, kwenye vilima vya mawe vinavyoutazama mji wa Kisumu na ziwa kwa mbali. Kwetu Wajaluo mtoto wa dada huitwa okewo, naye humwita mjomba wake nera. Huyu wangu ana miaka 11. Alishuka kwenye matatu akiwa na kuku watano ndani ya kikapu, na akiba yake imefungwa kwenye leso.

"Nera," aliniambia kabla hata hajanywa maji, "twende tukanunue mbao za kibanda."

Tukashuka hadi soko la Kibuye. Huko mafundi wa jua kali huchonga vitanda, makochi na milango mchana kutwa, na vumbi la mbao hukuingia puani kabla hujawaona wenyewe. Okewo akaanza kuulizia bei. Nikamshika bega, nikamwomba aulize jambo lingine kwanza: ubao huu kwao ni wapi?

Ubao wowote ulikuwa mti, na mti huo ulisimama mahali. Nilimshikisha kipande cha saiprasi, chepesi, chenye rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Asili ya mti huo ni Meksiko na nchi jirani zake, ila hapa Kenya hupandwa kwa makusudi, hutunzwa, kisha hupasuliwa mbao baada ya miaka 25 hadi 30. Kando yake palikuwa na mgrevilea. Ukiuinamisha ubao wa mgrevilea juani utaona alama zinazometa kama magamba ya ngege aliyetoka majini. Mti wenyewe ulitoka Australia, na wakulima wa Vihiga na Kisii huupanda kwenye mipaka ya mashamba; hupunguza matawi yake kwa ajili ya kuni huku shina likiendelea kunenepa.

Halafu tukaukuta mlango mmoja umeegemezwa ukutani, wa rangi ya kahawia, mzito kiasi kwamba okewo alishindwa kuusogeza. Huo ulikuwa mvule. Mchwa hawauwezi mvule, wala mvua haiutishi upesi, na ndiyo sababu watu waliukata mno. Mti wake huchukua miongo mingi kukomaa. Mvule mwingi unaouzwa kwetu siku hizi huvushwa mpakani kutoka Uganda na Kongo, na mara nyingi hakuna anayejua kama aliyeukata alipanda mwingine. Mimi nasema hivi: mlango wa nyumba ya kuishi wajukuu unaweza kuwa wa mvule, mradi muuzaji anajua ulikotoka na ana karatasi zake. Kutumia mvule kwa kibanda cha kuku ni kuuvunjia heshima mti ulioota kabla babu yako hajazaliwa.

"Karatasi gani?" okewo akauliza.

Magogo na mbao zikisafirishwa nchini mwetu huhitaji kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya. Kibali kinaonyesha mzigo ni wa nani na umetoka wapi. Na kuna jambo kubwa lililotokea nyuma ya karatasi hizo. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, kwa sababu mito ilikuwa ikikauka na misitu ikiliwa kwa siri. Bei ya mbao ikapanda, mafundi wengi wakakosa kazi. Zuio hilo lilidumu zaidi ya miaka mitano hadi Rais William Ruto alipotangaza kuliondoa Julai 2023, na uamuzi huo nao ukazua ubishi mahakamani. Niliona mafundi walivyoteseka siku zile, na nikaona pia kwamba walioteseka kidogo ni wale waliokuwa na miti yao wenyewe shambani.

Tulinunua mbao mbili tu za saiprasi, za fremu na mlango. Nilimfundisha kuzikagua kama ambavyo ningalipenda mtu anifundishe mimi. Shika ubao, uusikie uzito wake: ulio mzito kupita wenzake wa ukubwa uleule bado una maji. Funga jicho moja, tazama kutoka ncha hadi ncha kama unayelenga kwa manati, uone kama umepinda. Tafuta vitundu vidogo vyenye unga chini yake, maana humo mna mdudu. Niliwahi kuuziwa mbao mbichi, nikatengeneza dirisha zuri sana. Kufikia kiangazi lilikuwa limejikunja, halifungi wala halifunguki.

"Na nguzo?" okewo akauliza tukiwa njiani. "Hatujanunua nguzo."

Nguzo zilikuwa zikitungoja nyumbani. Kwenye ua wa mama kuna siala sita, miti yenye maua ya manjano kama tarumbeta ndogo, ambayo wataalamu huiita Markhamia lutea. Zamani karibu kila boma la Mjaluo lilikuwa na siala, na haikuwa kwa ajili ya maua peke yake. Siala hukua wima, nguzo yake huwashinda mchwa kwa muda mrefu, na ukiukata vizuri hauendi kaburini. Kisiki huchipua.

Mama mwenyewe ndiye aliyechagua wa kukatwa. Aliupitia kila mmoja akiupapasa, akasimama kwenye ule uliokuwa umegawanyika mashina manne. "Huu," akasema. "Ile mitano iacheni." Msumeno ulipita kama shubiri mbili juu ya ardhi, kwa mkato wa kuinama ili mvua iteleze, isikae juu ya kisiki na kukiozesha. Kisha tukamenya magome yote, kwa sababu wadudu hupenda kujificha chini ya gome. Tukalaza nguzo nne kivulini, juu ya mawe, hewa ipite pande zote. Okewo akauliza tunajenga lini. Mama akamjibu, "Agosti, utakapofunga shule tena." Alinuna siku nzima.

Jirani yetu mmoja, fundi hodari, alishauri tuzipake nguzo oili chafu ya gari, wafanyavyo wengi. Mama alikataa katakata. Kuku huchakura kila kitu, na oili hiyo hushuka udongoni pamoja na mvua. Nami nikaongezea la nguzo za kijani kibichi zinazouzwa madukani: dawa iliyomo ndani yake mara nyingi ina aseniki, ambayo ni sumu. Zinafaa kusimamisha nyaya za umeme. Vipande vyake msivichome jikoni hata siku moja, watoto wangu. Moshi wake unadhuru.

Agosti ikafika. Tulianza na msingi, na Kajulu haina uhaba wa mawe. Okewo alitaka saruji. Badala yake nilimsimulia kuhusu Thimlich Ohinga, boma la mawe lililoko kaunti ya Migori, upande wa kusini wa ukanda wetu huu wa ziwa. Liliinuliwa yapata karne ya 16. Kuta zake zimesimama urefu wa mita moja na nusu hadi nne na nusu, na hamna saruji wala tope ndani yake. Wajenzi walipanga mawe ya nje na ya ndani yakashikana, katikati wakajaza madogo ya kukaza. Mwaka 2018, mwaka uleule wa zuio la miti, UNESCO ililiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Tangu hapo okewo hakutaja saruji tena. Alitumia asubuhi mbili nzima kuchagua mawe, akiligeuza kila jiwe mpaka lipate mahali linapokaa bila kutikisika, na safu ya chini ilipokamilika alipanda juu akaruka. Haikusogea.

Kuta zilikuwa za fito na udongo. Fito tulizipata kwenye nyabende, kile kichaka cha maua ya rangi rangi kinachovamia malisho, na kukipunguza ni hisani kwa ng'ombe. Udongo ndio uliokuwa na somo. Kule chini kwenye uwanda wa Kano, kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero, udongo ni mweusi. Ukinyeshewa hufura, ukikauka hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mtoto, na nyumba iliyokandikwa kwa udongo huo mtupu hufuata mkondo huohuo. Kwa hiyo kabla ya kukandika lazima uuhoji udongo wako. Chukua konzi moja, uloweshe, usokote kamba nene kama kidole gumba. Uning'inize ukingoni mwa meza. Ukikatika mara moja, mchanga umezidi. Ukining'inia mrefu bila kukatika, mfinyanzi umezidi, nao utapasuka. Wa kwetu ulikatika mapema mno, basi mama akamtuma okewo kwenye kichuguu. Mchwa huchagua chembe laini na kuzigandisha kwa mate yao, ndiyo maana wazee wamependa udongo wa kichuguu tangu zamani. Tukauchanganya, tukakanyaga kwa miguu mpaka magotini, tukatia nyasi zilizokatwakatwa. Mama akamalizia kwa muono, lipu yetu ya samadi ya ng'ombe, jivu na udongo laini, akiusambaza kwa kiganja kwa mizunguko mipana. Alama za vidole vyake bado ziko ukutani.

Paa lilituletea ubishi. Okewo alitaka mafunjo, kwa kuwa alikuwa ameyaona kwenye bwawa la Dunga kando ya ziwa, yale matete marefu yenye vichwa kama mafagio. Mafunjo hukua upesi, na mikeka yake huzuia joto vizuri. Lakini bwawa la Dunga ni zaidi ya ghala la mikeka. Huchuja maji machafu kabla hayajafika ziwani, huwaficha samaki wachanga, na humo huishi ndege mmoja mwenye kifua chekundu, mgongo mweusi na utosi wa manjano ambaye makao yake ni mafunjo tu. Hana pa kuhamia. Ukikata kipande kidogo na kukiacha kiote tena, bwawa linapona. Likichomwa au kulimwa, linakwisha. Kwa hiyo tukaezeka kwa mabati ya zamani yaliyokuwa nyuma ya ghala, na chini yake tukatandaza mkeka mmoja wa mafunjo, tulioununua kwa mwanamke anayevuna kwa zamu na kuacha sehemu ipumzike.

Fito za kulalia kuku ni za mianzi iliyokomaa, yaani ya miaka mitatu na zaidi, iliyolowekwa kwenye maji ya boraksi ili mdudu asiile. Mianzi ina habari yake nzuri katika nchi yetu: Profesa Jacob Kibwage, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Maseno, na wenzake waliwasaidia wakulima wa tumbaku wa Nyanza Kusini kujaribu kupanda mianzi mahali pa tumbaku, zao ambalo hula kuni nyingi wakati wa kukausha majani yake.

Kuku waliingia kibandani jioni ya Ijumaa. Watano waliingia wenyewe, bila kufukuzwa, wakapanda kwenye mianzi na kutulia.

Ukitaka kuona haya yote kwa macho yako, waombe walimu wakupeleke Makumbusho ya Kisumu. Mle ndani kuna boma zima la Kijaluo liitwalo Ber-gi-dala, lenye nyumba, maghala na zizi. Papasa nguzo, uulize ni za mti gani.

Kisiki cha siala tulichokata Aprili kilikuwa na machipukizi tisa tulipomaliza kujenga, marefu kupita magoti ya okewo. Mama ameyafungia kamba nyekundu mawili yaliyonyooka. Hayo yataachwa yawe nguzo. Saba yaliyobaki okewo atayapunguza likizo ya Desemba.