Kucha za jeli: Fedha ya ufuta isigeuke mzio

MINNADA ya ufuta inapoanza wilayani Kilwa katikati ya mwaka, fedha huingia mikononi mwa wakulima, na kwa baadhi ya kina mama na wasichana sehemu ya fedha hiyo hubaki mikononi kwelikweli, kwenye kucha. Mwambao wa Kilwa na Lindi umezoea hina. Jeli ni biashara nyingine, na inahitaji uangalifu wa mpakaji na wa mteja.

Rangi ya kawaida hukauka kwa hewa. Jeli hubaki uji mzito hadi imulikwe kwa taa yake maalumu ya mwanga wa urujuanimno, ndipo hugeuka plastiki ngumu inayodumu wiki mbili hadi tatu. Ikigusa ngozi kabla haijakauka, au ikapakwa nene mno chini ya taa dhaifu, kemikali zake huweza kuleta mzio: vidole huwasha, hutoa malengelenge na ngozi hupasuka. Hata kope huweza kuvimba, kwa kuwa mikono hugusa uso.

Mzio huo kwa kawaida hauishi. Aliyeupata anaweza kupata shida hata kwa daktari wa meno, kwani kemikali za jamii hiyo hutumika kuzibia meno. Aliye hatarini zaidi ni mpakaji mwenyewe anayeishika jeli kila siku. Akipata mzio, mtaji na ufundi vyote vinakwenda. Avae glavu za naitrili na kuzibadilisha mara zikiingia jeli, apake tabaka jembamba bila kugusa ngozi, na atumie taa inayolingana na jeli aliyonunua.

Anunue nini? Chupa isiyo na maandishi ya viambato iachwe dukani. Umoja wa Ulaya tangu 2021 unataka jeli zenye HEMA zitumiwe na wataalamu tu, na Septemba 1, 2025 ulipiga marufuku vipodozi vyenye TPO, kemikali ya kukaushia jeli inayohofiwa kudhuru uzazi. Mzigo uliokosa soko huko unaweza kuuzwa kwingine kwa bei ya kutupa, hivyo bei ya chini mno isimfurahishe mfanyabiashara haraka. Nchini, usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019.

Septemba 2018 Spika wa Bunge wakati huo, Job Ndugai, aliwazuia wabunge wenye kucha na kope za bandia kuingia ukumbini. Shambani hakuna Spika, ila jembe nalo lina amri yake. Kwa mkulima wa Mitole anayepalilia na kumenya muhogo, kucha ndefu za kubandika ni hasara: zikigonga mpini huinuka na kuvuta kucha halisi. Afadhali apake jeli juu ya kucha yake mwenyewe, iliyokatwa fupi. Sehemu ikiachia, maji na udongo hujificha chini yake na kucha huweza kugeuka kijani kwa bakteria. Hapo itolewe yote, isizibwe kwa rangi mpya.

Wateja wengi Waislamu huuliza habari ya udhu, kwa kuwa jeli huzuia maji kufika kwenye kucha. Hina huacha rangi tu, ndiyo maana haijakosa soko. Piko ni jambo jingine: nyeusi ile mara nyingi ni dawa ya nywele, nayo huunguza ngozi za wengine.

Kutoa jeli ndiko kunakoharibu kucha nyingi. Rangi ya jeli hulainishwa kwa pamba yenye asetoni kwa dakika 10 hadi 15, kisha husukumwa taratibu na kucha kupakwa mafuta. Hata ya nazi yanafaa. Jeli ngumu ya kujengea kucha hailainiki kwa asetoni, husagwa kwa msasa na mtu anayejua kazi. Mpakaji apange bei ya kupaka pamoja na ya kutoa, mteja asije akaibandua nyumbani kwa wembe.