Mikono ya Mwanafunzi Nayo Ifundishwe

Tumepokea barua ya mwanafunzi wa darasa la sita kutoka Uwemba, Njombe. Ni barua fupi, lakini jambo linalozungumzwa humo si dogo. Mwanafunzi huyo anaeleza kuwa mwalimu wao aliwaagiza walete mianzi, makopo na vipande vya mbao, kisha wakajigawa katika vikundi na kuunda magurudumu ya maji.

Gurudumu la kwanza halikuzunguka, kwa kuwa mhimili wake wa mti ulilowa ukavimba. La pili lilizunguka polepole. Walipoelekeza maji yaangukie kutoka juu zaidi, likazunguka kwa nguvu. Hapo, anasema, ndipo alipofahamu kwa nini mtambo wa kufua umeme kwa maji ulijengwa huko kwao Uwemba na haukujengwa mahali pa tambarare. Hata hivyo kazi hiyo ilisimamishwa, kwa maelezo kwamba mitihani imekaribia. Mwanafunzi anatuuliza: je, kuunda kitu si kusoma?

Sisi tunajibu bila kusita kwamba ni kusoma. Mtoto aliyepima, akakosea, akatafuta sababu ya kosa na kulirekebisha, amefanya kazi ileile afanyayo mhandisi. Maarifa ya namna hiyo hayafutiki kwa urahisi kama yale yaliyokaririwa ubaoni.

Wala jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwezi Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akionya juu ya elimu inayothamini vitabu peke yake na kuwatenga vijana na maisha ya jamii yao. Azimio la Musoma la 1974 nalo lilitaka mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee cha mwanafunzi, bali kazi zake za kila siku zipewe uzito.

Lakini ni lazima tuseme ukweli. Katika shule nyingi, kujitegemea kuligeuka kuwa kushika jembe tu. Watoto walilima, wakavuna, na hakuna aliyewauliza kwa nini tuta moja lilizaa kuliko jingine. Kazi isiyo na swali ndani yake ni jasho tu, si elimu. Baadaye likaja somo la Stadi za Kazi, ambalo lilikuwamo katika ratiba lakini kwa miaka mingi halikuwamo katika mtihani wa kumaliza darasa la saba. Kisichotahiniwa kikawa kisichofundishwa.

Sasa tumepata nafasi nyingine. Mitaala mipya, iliyoanza kutumika kwa awamu Januari 2024, inasisitiza ujuzi na imeweka somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi. Hiyo ni hatua ya kupongezwa. Hofu yetu ni kwamba somo hilo nalo laweza kubaki maandishi katika ratiba, kipindi chake kikichukuliwa na hesabu za marudio kila mitihani inapokaribia.

Tunatambua kuwa mwalimu mwenye watoto wengi darasani ana mzigo mzito. Hata hivyo Njombe haikosi vifaa. Mianzi ipo, miwati ipo, udongo upo, na mabua hutupwa kila baada ya mavuno. Wapo maseremala, wafinyanzi na akina mama wafumao vikapu, ambao nakshi zao ni hesabu tupu: nyuzi zikihesabiwa vibaya, ua halitokei. Kamati za shule ziwaalike wazee hao wakafundishe. Kila muhula itengwe siku moja ya wazazi kuona kazi za watoto wao na kusikiliza maelezo yao. Na wathibiti ubora wa shule, wanapokagua madaftari, wakague pia vilivyoundwa.

Kwa wazazi tunasema: mtoto arudipo nyumbani na matope mikononi, msimkaripie kwamba amekwenda kucheza. Mwulizeni amejifunza nini.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Taifa linalotaka waundaji kesho haliwezi kuwanyang'anya watoto wake mianzi leo kwa sababu ya mtihani. Mwanafunzi wetu wa Uwemba arudishiwe gurudumu lake.