Adaptasiyo: neno hili lina maana gani shambani?



Katika vikao vya siku hizi kuna neno moja linarudi kila mara: adaptasiyo. Watu wa miradi wanalisema, sisi maagronomu tunalisema pia, na wengi wanaitika kwa kichwa tu, kikao kinaendelea. Lakini neno lisiloeleweka linaweza kukuuzia kitu usichohitaji. Leo tulifungue.

Kwa Kiswahili chepesi, adaptasiyo ni kujirekebisha kufuatana na hali. Si sawa na kuvumilia. Anayevumilia anabaki na desturi ileile akingoja shida ipite. Anayejirekebisha anaangalia ni nini kimebadilika, kisha anageuza jambo moja ao mawili ili kazi iendelee. Wala si kutupa vyote vya zamani.

Mbegu na mahali pake

Tukisema mbegu imezoea mahali fulani, maana yake inakua na kuzaa vizuri kwa udongo, mvua, baridi ao joto la pale. Tuangalie maharagi ya kukwea miti. Kwenye milima ya Kivu yanazaa kuliko maharagi mafupi. Lakini teremsha mbegu ileile katika joto la bonde la Ruzizi: aina nyingi zitatoa majani mazuri, maua yataanguka, na maganda yatakuwa machache. Mbegu haina kosa, ni vile pale si kwao.

Basi mtu akikuambia mbegu yake iko na adaptasiyo, muulize: kwa wapi? Ilijaribiwa mlimani ao bondeni? Msimu A ao msimu B?

Mkulima na akili yake

Maana ya pili inatuhusu sisi watu: uwezo wa kubadilisha namna ya kufanya kazi. Hapa tuko na ujuzi tayari. Tangu zamani mama wengi wa Kivu wanapanda maharagi ya mchanganyiko: mekundu, meusi, ya manjano, madogo na makubwa, yote shamba moja. Mgeni anaona fujo, kumbe ni ulinzi. Mvua ikizidi na mizizi ikioza, aina fulani zinakufa, zingine zinasimama. Mvua ikikatika mapema, yale ya kuiva haraka yanakuwa yamekwisha kuzaa. Nyumba haikosi chakula, na mbegu inapatikana.

Shida inakuja na soko. Mnunuzi wa mjini anataka mfuko wa rangi moja, na kwa rangi ile analipa vizuri. Koperative ikiomba memba wote wapande aina moja tu, pesa inaweza kuongezeka msimu huu. Lakini siku ugonjwa utakapoingia katika aina ile, nyumba zote zitalia pamoja. Na mchanganyiko ukiisha kuliwa ao kuuzwa, kuupata tena ni kazi.

Hatusemi mkatae soko. Tunashauri hivi:

1. Gawanyeni shamba. Upande mmoja aina ya soko, upande mwingine mchanganyiko wa nyumba. Hata mistari michache inalinda mbegu.

2. Jaribuni kidogo kwanza. Mbegu mpya ipandwe kwenye kipande kidogo, pembeni ya mbegu yenu, siku moja, udongo mmoja, mbolea ileile. Fanyeni msimu A na msimu B, sababu mvua zake hazifanani. Wakati wa kuvuna, pimeni kwa chombo kimoja na muandike.

3. Hesabuni gharama zote. Maharagi ya kukwea yanadai miti ya mita mbili ao zaidi. Ukiinunua kila msimu, faida inapungua. Ukiikata porini, mlima unabaki uchi na mvua inabeba udongo. Afadhali kupanda matete ao kaliandra kwenye mistari ya kuzuia mmomonyoko.

4. Mzigo wa kujaribu usibebwe na mtu mmoja. Shamba la majaribio liwe la koperative, na akiba ya mbegu iwekwe pembeni.

Hii namba nne ni ya maana sana. Mama anayesogeza tarehe ya kupanda sababu mvua ya Septemba imechelewa, huyo amefanya adaptasiyo. Lakini memba aliyeuza mbuzi wake kwa kuwa mbegu aliyoletewa haikuzaa, yeye amebeba hasara ya wengine. Tusiite mambo hayo mawili jina moja.

Kwa kikao kijacho, kila memba alete kiganja kimoja cha kila aina ya maharagi aliyo nayo nyumbani, na jina analoliita. Tutayapanga mezani, tuhesabu ni aina ngapi zingali kijijini na ni nani anazo. Ile iliyobaki kwa nyumba moja tu, ndiyo tutaanza kuizidisha.