Mteja ameshafika, usimkwamishe

Wauzaji wenzangu, Uingereza kuna watu wanaajiriwa na serikali kupanga jinsi mwananchi anavyojaza fomu mtandaoni. Swali gani lianze, kitufe kiandikwe nini, mtu akikosea aambiweje. Baadhi yao kila wiki huandika walichojifunza kazini, na mimi napenda kuwasoma. Tovuti yao, GOV.UK, ipo tangu 2012.

Mambo matatu ninayotumia dukani:

1. Swali moja kwa wakati. Fomu zao huanza na kitu kimoja kila ukurasa. Mteja akisema "nataka", namuuliza saizi. Akijibu, rangi. Kisha anapoishi. Ukimrushia maswali saba inboksi, anakuacha na "seen".

2. Hakiki kabla ya kutuma. Fomu humwonyesha mtu majibu yake yote kwanza. Nami kabla ya hela naandika: "Kiatu cheusi, namba 39, Mbagala, jumla 28,000. Ni sawa?" Mzigo ukirudi, hela ya boda inakutoka wewe.

3. Akikosea, mwelekeze. Usiseme "hueleweki dada". Sema "naomba namba ya simu yenye tarakimu 10".

Halafu huwa wanakaa na watu na kuwaangalia wakijaza. Mpe shangazi yako simu, aagize kwako. Wewe kaa kimya, tazama anapokwama.

Mwananchi akikwama kwenye fomu ya serikali atarudi tu, hana pa kwenda. Mteja wako anapo: duka la jirani.