Weka nakala ya viungo vyako kabla huduma ya nje haijazimika

Na Mwandishi Wetu

WENYE tovuti binafsi wanaoonyesha katika kurasa zao orodha ya viungo walivyohifadhi kwenye huduma za nje, wanaweza kuepuka ucheleweshaji na hata upotevu wa orodha hizo iwapo wataweka nakala yake katika seva yao kwa kutumia skripti fupi.

Orodha hizo husafirishwa kwa mlisho, yaani faili la maandishi lenye kichwa, anwani na tarehe ya kila kiungo. Mfumo unaofahamika zaidi ni RSS, uliotolewa na kampuni ya Netscape mwaka 1999. Desturi ya kuhifadhi viungo hadharani ilienezwa na huduma ya del.icio.us, iliyoanzishwa na Joshua Schachter wa Marekani mwaka 2003.

Tatizo huanza pale ukurasa unapoagiza mlisho upya kila msomaji anapoufungua. Wasomaji 500 kwa saa ni maombi 500 kwa seva ya mbali, ilhali orodha pengine haijabadilika tangu jana. Seva hiyo ikielemewa, ukurasa nao hukwama, na baadhi ya huduma humfungia anayeomba kupita kiasi.

Skripti hutatua tatizo hilo kwa hatua chache. Kwanza, hutazama umri wa nakala iliyopo. Ikiwa haijatimiza muda uliowekwa, mathalani dakika 60, ukurasa husoma nakala hiyo hiyo.

Pili, muda ukipita, skripti huiuliza seva ya mbali, ikitaja tarehe ya nakala iliyopo, iwapo kuna mabadiliko. Yasipokuwapo, seva hujibu kwa namba 304 bila kutuma faili zima.

Tatu, mlisho mpya huandikwa katika faili la muda na kukaguliwa kabla ya kuchukua nafasi ya ule wa zamani. Jibu lisipopatikana ndani ya sekunde tano, nakala ya zamani huachwa ilivyo, wala isifutwe kamwe kwa faili tupu.

Kazi hiyo ni vyema ipangiwe ratiba katika seva, ili msomaji asisubirishwe. Kwa utaratibu huo, maombi hayazidi 24 kwa siku, hata wasomaji wakiwa maelfu.

Hata hivyo, mlisho kwa kawaida hubeba viungo vya karibuni tu. Anayetaka kutunza vyote hana budi kuagiza skripti iongeze vipya juu ya vya zamani, badala ya kuvifuta.

Umuhimu wa tahadhari hiyo unaonekana katika historia ya del.icio.us yenyewe. Ilinunuliwa na Yahoo mwaka 2005, ikauzwa tena mwaka 2011, na mwaka 2017 ikaangukia mikononi mwa mshindani wake, Pinboard, aliyesitisha uongezaji wa viungo vipya. Aliyekuwa na nakala yake hakuhitaji kumwomba mmiliki yeyote mpya.