Mafunjo Yanatunza Maji

Ukishuka kutoka milima ya Kasulu na Kibondo hadi bonde la mto Muyovozi, utayakuta mafunjo. Ni marefu kuliko mtu, na vichwa vyake kama ufagio. Wengi husema hilo ni pori la bure. Si kweli hata kidogo.

Mvua ya milimani hushuka na kuingia bondeni. Mafunjo huyapunguza maji mbio. Mizizi yake imesukana kama mkeka. Chini yake kuna udongo mweusi wa majani yaliyooza. Udongo huo hunyonya maji kama dodoki, halafu huyaachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Samaki nao huzaliana humo.

Mwaka 2000 bonde la Malagarasi-Muyovozi liliingizwa katika Mkataba wa Ramsar, ambao mataifa hulinda kwao ardhi zenye maji. Lilikuwa la kwanza katika Tanzania.

Je, tusikate mafunjo ya mikeka? Ukikata shina na kuacha mizizi, yatachipua tena. Hatari ni jembe na moto. Ukichimba mtaro ili ulime maharage, maji hukimbia na udongo ule hukauka. Mavuno ya kwanza huwa mazuri, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Maana moto ukiingia katika udongo huo mkavu, huwaka chini kwa chini siku nyingi. Kuuzima ni kazi kweli! Mizizi huungua yote.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa mguu ni hatua kama 80 hivi. Zihesabu kabla hujaanza kulima.